Dalali Huenda na Gari

Kazi ya kusimama katikati ya watu wawili wasioaminiana humla mtu taratibu. Niliifanya miaka minane pale Mwanza, na siku nilipoiacha hakuna aliyeniaga wala mimi sikumuaga mtu.

Kiwanda cha nguo kilitupunguza wakati ambapo kila kitu kilikuwa kinapunguzwa au kinauzwa. Tuliambiwa biashara sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Wenzangu wengine waliingia kwenye samaki, wakawa wanakusanya sangara na kuwapeleka viwandani. Wengine walifungua vioski. Mimi mtaji sikuwa nao, nilikuwa na mdomo. Magari ya mitumba yalikuwa yameanza kufika kutoka Dar, mengine yakiwa bado na maandishi ya Kijapani milangoni, na mji ukajaa watu wa aina mbili: wenye magari wasiojua wayapeleke wapi, na wenye safari wasio na magari. Nikasimama kwenye kona ya kituo cha mafuta, chini ya kilima cha Igogo, nikawa dalali wa magari ya kukodi.

Watu wakisikia dalali hudhani ni mtu wa kupokea chake na kwenda kunywa chai. Ingekuwa hivyo labda ningekuwa pale hadi leo. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na mwenye gari aliyekubali kulitoa kwa mtu asiyemjua kwa sababu ya karatasi. Karatasi tuliandika, mihuri tuligonga, lakini hakuna aliyeziamini. Kilichoaminiwa ni mwili wa dalali. Gari likikodiwa, dalali anapanda. Likilala Magu, na yeye analala Magu. Dereva kazi yake kuendesha, mteja kazi yake kuamuru, na dalali kazi yake kuhakikisha gari limerudi nyumbani kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyewahi kuiandika.

Kwa hiyo nilipata elimu ya wateja ambayo sikuiomba. Kuna mama aliyekodi pikapu ahamishe vyombo vyake, akahamisha vya ukoo mzima. Kuna wakala wa samaki aliyepatana nami bei vizuri, akapakia, kisha akaanza kupatana upya akiwa ameketi juu ya mzigo wake, miguu inaning'inia. Kuna mwalimu mmoja mstaarabu sana, alikodi gari kwenda Kisesa kuwasalimu wakwe, na tulipokaribia boma la wakwe akaniomba niseme gari ni lake na mimi ni utingo wake. Nilikuwa na mvi tayari. Nilimbebea begi mpaka ndani, mama mkwe akanipa maji ya kunywa nje, na mwalimu hakunitazama usoni mpaka tulipofika mjini.

Mimi kwa asili ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa kwenye mfuko wa shati. Lakini dalali mwenye hasira ni sawa na mwuza maziwa mwenye kikohozi, hakuna atakayemsogelea. Nilijifunza kuzimeza. Nilizimeza kwa wateja, nikazitapika nyumbani, na nyumbani ndiko walikonizoea hivyo.

Gari nililolipenda kuliko yote lilikuwa pikapu nyeupe ya mama mmoja mjane, Mwislamu wa pale mjini, aliyekuwa akiuza vitenge barazani kwake. Siku ya kwanza nilipokwenda kuliomba nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, ingawa hakunizidi miaka mingi.

"Gari hili ndilo nililoachiwa na marehemu," alisema. "Likipotea, nitakuwa nimefiwa mara ya pili. Utakwenda nalo, utarudi nalo. Sitaki kusikia lingine."

Nikampa neno langu. Sikuwa na duka, wala leseni, wala ofisi. Neno lile ndilo lilikuwa duka.

Sasa binti yangu. Alikuwa mzaliwa wangu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole anayesema maneno machache na kuyakumbuka yote. Alikuwa amepata mchumba, kijana wa upande wa Musoma, na wazee wa kijana walikuwa wametuma habari kwamba wangekuja kuposa siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Kwa desturi yetu, baba wa binti siku hiyo hana maneno. Ndugu yake ndiye husema. Baba kazi yake ni kukaa tu, aonekane. Lakini asipokaa, wageni hawawezi hata kufungua kinywa, maana aombwaye hayupo. Mzee anayeiacha nyumba yake siku ya posa amewaambia watu waziwazi kwamba hawataki.

Ijumaa jioni akaja kijiweni mnunuzi wa pamba. Hawa walikuwa watu wapya wa wakati ule. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa yeyote mwenye mizani na mifuko aliweza kuingia vijijini. Huyu alivaa kofia ya pama na shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni. Alitaka pikapu alfajiri ya Jumamosi, safari fupi upande wa Usagara, na saa nne asubuhi tungekuwa tumerudi. Nilimwambia Jumamosi siwezi. Akaenda moja kwa moja kwa mama mwenye gari, na nusu saa baadaye mama akaniita. Aliniambia kwa upole kwamba mteja huyo atahitaji gari msimu mzima, na kwamba madalali pale mjini si mimi tu.

Nilipiga hesabu ya mtu mjinga. Kutoka saa nne hadi saa nane ni saa nne nzima. Nilipowaambia nyumbani, mke wangu alisema, "Wewe na saa zako," akaendelea kuchambua mchele. Binti yangu alikuwa anapiga pasi gauni lake. Hakuinua uso.

"Baba, kesho naomba iwe yangu," alisema.

Nikamwambia saa nne nitakuwa nimefika, nitaoga mara mbili, mpaka anione nang'aa. Akacheka kidogo. Nilifurahi kwamba amecheka.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi: dereva, mteja na mimi mbele, na ndugu watatu wa mteja nyuma. Usagara tulifika mapema. Pale mteja akatununulia soda wote, tukazinywa, zikaisha, na bado tukakaa. Alikuwa akiangalia barabara kana kwamba anamngoja mtu. Mwishowe akasema twende, na badala ya kugeuza gari kuelekea mjini akamwonyesha dereva njia ya vumbi inayoingia ndani. Nikauliza ni mbali? Akasema hapo karibu tu. Mimi ni Msukuma, naijua hiyo "hapo karibu" yetu. Nilipaswa kuteremka palepale.

Saa tatu na nusu tukaingia kwenye boma kubwa lililozungushiwa ua wa minyaa. Viti vilikuwa vimepangwa, vigoda vimepangwa, wanawake wako jikoni wengi kuliko wa chakula cha kawaida. Ndipo nikaelewa. Mnunuzi wa pamba alikuwa amekuja kumposea mdogo wake. Na yule aliyekuwa akimngoja Usagara alikuwa msemaji wao, maana kwa desturi ile upande wa kijana hauwezi kujisemea. Ndugu wa damu hapatani mahari ya ndugu yake. Lazima asimame mtu wa nje, mwenye ulimi. Akatumwa mtu kwa baiskeli kumfuata. Tukangoja. Saa tano mwenye baiskeli akarudi na habari kwamba msemaji ana malaria, hawezi hata kukaa kitandani.

Mteja akanivuta nyuma ya ghala la mahindi.

Aliniambia mimi ni dalali, kusemea watu ndiyo kazi yangu, nisimame niseme. Nikamwambia alichokodi ni gari. Akasema atakodi na mdomo. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mteja yeyote: nikamweleza shida yangu. Nikamwambia nina binti, leo anaposwa, wageni wanafika saa nane, na nisipokuwepo nyumba yangu imeaibika. Nilimwambia kwa sauti ya kubembeleza, mimi, na nilijichukia nikiisikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akagusa mfuko wa shati, ule wenye kalamu, na nikasikia ufunguo wa gari, aliokuwa ameuchukua kwa dereva, ukigongana nazo.

"Vizuri," alisema. "Basi mambo haya unayajua. Gari haliondoki mpaka tumalize."

Nilimwendea dereva, aliyekuwa amelala chini ya pikapu. Akanionea huruma, lakini akasema, "Mzee, mimi nausikiliza ufunguo."

Nikaondoka kwa miguu. Nilitoka nje ya ua, nikapita kisima, nikaingia kwenye njia iliyokatiza mashamba ya pamba. Nilitembea haraka, nikijisemea kwamba nikifika lami nitapata basi, lori, chochote. Nilitembea labda nusu saa. Halafu miguu ikaanza kupunguza mwendo yenyewe. Nilikuwa namwona yule mama barazani kwake, akiniuliza gari liko wapi, na mimi nikimjibu kwamba nimeliacha porini kwa mtu nisiyemjua. Dalali aliyelikimbia gari hapati gari jingine Mwanza, na nyumba yangu ilikuwa inakula kutokana na neno hilo moja. Nilisimama katikati ya njia nikalia kwa hasira, mtu mzima, hapakuwa na wa kuniona isipokuwa mbuzi wawili. Mbele kulikuwa na nyumba yangu, nyuma kulikuwa na gari, na sikuweza kufika pote pawili. Nikarudi. Nikajiambia njia ya kutoka mle ndani ni moja tu, kusema haraka na kumaliza haraka.

Saa sita na nusu nilisimama mbele ya wazee wa watu. Nikasema.

Naona aibu kuandika hili, lakini nilisema vizuri sana. Nilitumia yote niliyojifunza kijiweni: cheka kwanza, sifu, kisha tafuta kasoro, kisha jifanye unaondoka. Baba mdogo wa binti ndiye aliyesemea upande wao, mzee mwenye fimbo na maneno mazito. Alidai ng'ombe wengi kwa sababu binti amesoma mpaka darasa la saba. Nikamwambia kusoma kwa binti ni mali ya serikali, serikali ije ichukue ng'ombe wake yenyewe. Wakacheka hata wanawake jikoni. Alipunguza. Akasema binti ni mchapakazi. Nikasema ndiyo maana sisi tunataka kumpumzisha. Wakacheka tena, akapunguza tena. Kila walipocheka nilitazama kivuli cha ghala kikisogea. Akilini niliwaona wageni wangu wakipanda mawe ya Igogo, wamevaa makoti, wanaulizia kwangu ni wapi. Na bado, Mungu anisamehe, kuna dakika nilifurahia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu kunisikiliza bila kunidharau.

Ilipofika karibu saa nane, baba wa binti akainua mkono.

Muda wote alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini, kimya kama desturi inavyomtaka. Hakupaswa kusema. Ndugu yake alishtuka, akageuka kumtazama. Mzee alinitazama mimi. Macho yake hayakuwa na ugomvi.

"Wewe bwana wa mjini unasema vizuri," alisema. "Nikuulize kimoja. Una binti?"

Nilimtazama mnunuzi wa pamba. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilijua swali linalofuata. Nikisema ninaye, ataniuliza kama ningemtoa kwa hicho ninachokitaja, na mimi nitasema nini? Nitasema hapana, maana ukweli ulikuwa hapana. Hapo mazungumzo yangerudi yalikoanzia, na jua lingetua nikiwa palepale. Yote hayo niliyawaza kwa muda wa kumeza mate.

"Sina, mzee," nikasema. "Mungu hakunijalia."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akasema pole, na akaisema kwa moyo. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Mtu asiye na binti msimlaumu, hajui anachokishika. Malizeni."

Wakamaliza. Haikuchukua hata robo saa. Mnunuzi wa pamba akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajapata kuona msemaji kama mimi. Nikamwambia tuondoke. Akasema tutaondokaje mji wa wakwe bila kula? Na kweli, hilo halikuwezekana. Tukaletewa ugali na jogoo, tukaletewa maziwa, tukaletewa karanga za kutafuna, na mimi nilikula kwa sababu msemaji asipokula ndoa inaingia mdudu. Sikumbuki ladha ya chochote. Saa tisa na nusu ufunguo ukatoka mfukoni.

Njiani mteja aliongea mpaka Buhongwa, akapanga safari zake za msimu mzima, na katika zote alinitaka mimi. Nikalirudisha gari kwa mwenyewe. Mama akalizunguka, akaangalia magurudumu, akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kuaminika." Nikapanda Igogo nakimbia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mawili: nikute wageni wamekasirika bado wapo, au wamekasirika wameondoka. Niliyoyakuta sikuyatarajia. Nje ya nyumba yangu palikuwa pametandikwa mikeka. Majirani wameketi, wanawake upande huu, wanaume upande ule, wanazungumza kwa sauti ya chini. Mke wangu alikuwa katikati yao, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Majirani waliniangalia kwa mshangao. Mke wangu aliinuka haraka, akanishika mkono, akaniingiza ndani na kufunga mlango.

Wageni walifika saa nane kamili. Walikaa, wakapewa maji, wakangoja. Ndugu yangu aliwapigisha hadithi za mvua, za bei ya sukari, za mpira, mpaka hadithi zikamwishia. Saa ikapita. Mkubwa wao akauliza kwa adabu kama labda nyumba hii imewakataa na inaona haya kusema. Hapo mke wangu akaona aibu inakuja mbio, na akaifungia mlango kwa kitu pekee kinachoweza kumwondoa baba siku ya posa. Aliwaambia nimeitwa Bujora asubuhi, baba yangu mdogo amefariki, nimekwenda kuzika.

Wageni wakavua kofia. Wakasimama wote, wakatoa pole. Wakasema haiwezekani kuomba mke kwenye nyumba yenye msiba, watarudi matanga yakishaisha na kinyongo hawana. Sukari na vitenge walivyovileta kwa furaha wakaviacha kwa rambirambi. Majirani waliosikia wakaja na mikeka yao. Na baba yangu mdogo saa ile alikuwa Bujora, mzima wa afya, pengine anatia mpini jembe.

Sikujua nicheke au nipige ukuta. Nikauliza binti yuko wapi.

Alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, bado amevaa lile gauni. Nilisimama mlangoni nikaanza kueleza. Nikaeleza mnunuzi wa pamba, nikaeleza ufunguo, nikaeleza malaria ya msemaji, jinsi nilivyotoka kwa miguu na jinsi nilivyorudi. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa. Swali la yule mzee sikulitaja.

"Mama alinivuta jikoni," alisema nilipomaliza. "Akaniuliza tuseme nani amekufa. Nilimwambia aseme wewe. Akakataa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenijulisha jambo, akalainisha gauni magotini.

Nilingoja hasira ije. Kwangu haikuwahi kuchelewa. Safari hii haikuja, kwa sababu nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakukijua: kwamba kabla ya saa nane hiyo, mbele ya watu nisiowajua, nilikuwa nimekwisha sema Mungu hakunijalia binti. Yeye angalau alisema kwa mama yake, jikoni. Nilitaka kumwambia, mdomo ukagoma, mdomo ule ule uliokuwa umesifiwa mchana kutwa.

Nikatoka nje. Majirani wakasogea kunipa nafasi mkekani, mzee mmoja akanishika bega akasema pole sana, bwana, ndiyo dunia. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakanipa mkono. Nikakaa pale mpaka jua likazama ziwani, nikizipokea pole zao na kusema ahsanteni.